Kurasa za Adan

Watu wawili walikufa Januari ile upande wa mashariki ya Tseikuru. Mmoja alikuwa mkulima wa Kikamba aliyetoka kufukuza ngamia kwenye shamba lake la ndengu, na mwingine ni kijana wa Kisomali aliyekuwa akiwachunga ngamia hao. Mpaka wanazikwa, kila mmoja kwa desturi ya kwao, hakuna aliyekuwa ametaja dini. Ugomvi ulikuwa wa majani na maji, kama ulivyokuwa kila mvua ikikosa. Lakini Jumapili iliyofuata Pasta Kitheka alisimama mimbarini akasema kwamba damu ya mkulima imemwagwa na watu ambao dini yao haijawahi kujua amani. Ikasemekana pia kwamba Ijumaa iliyotangulia, kule msikitini, kuna aliyesema kwamba Wakristo tangu zamani kazi yao ni kunyang'anya watu nchi. Basi ugomvi wa majani ukavikwa joho la Mungu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kulivua.

Mwalimu Mbaluka alikuwa kanisani siku ile, safu ya mbele, penye viti vya wazee. Alizaliwa Matiliku, kule Makueni, akaletwa Tseikuru na serikali akiwa kijana wa miaka ishirini na sita kufundisha historia katika shule ya upili. Akaoa hapo, akajenga hapo, akastaafu hapo. Watu walimwita Mwalimu tu, kana kwamba mji mzima haukuwa na mwalimu mwingine. Aliposikia neno lile, "haijawahi," aliinamisha kichwa. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amewakata wanafunzi alama kwa neno hilo. Katika historia, alikuwa akiwaambia, hakuna haijawahi.

Kesho yake alikwenda dukani kwa Adan. Adan aliuza dawa za mifugo karibu na soko la mbuzi. Alikuja kutoka Garissa pamoja na babake, mfanyabiashara wa mbuzi, na sasa alikuwa amekaa Tseikuru miaka kumi na tisa, akiongea Kikamba cha kumchekesha nyanya yeyote. Madrasa aliisoma hadi ndevu zikamwota, Kiarabu alikisoma kama gazeti, na alasiri aliwafundisha watoto wa Kiislamu Kurani. Urafiki wao ulianza siku Mwalimu alipofika kununua dawa ya kupe akamkuta ameinamia kitabu kinene cha historia ya Baghdad, hata hakusikia mteja akibisha. Tangu hapo kila Jumanne walikaa kwenye baraza ya duka, wakinywa chai na kubishana, na wapita njia wakiwasikia walidhani wanagombana.

Wiki ile hawakubishana. Chifu Katunge, ambaye Mwalimu alimfundisha tangu kidato cha kwanza, aliwaita wote wawili ofisini. Aliwaambia kwamba ataitisha mkutano mkubwa wa amani, na hataki wanasiasa wala wahubiri. Alitaka watu wawili wanaoheshimiwa wasimame waseme vile Wakristo na Waislamu wameishi tangu zamani. "Msiwahubirie," aliwasihi. "Waambieni tu yaliyotokea."

Adan ndiye aliyetoa shauri. Walikuwa wametoka kwa chifu, wakitembea kando ya barabara ya vumbi, akasimama.

"Kila mtu afagie nyumba yake," alisema. "Wewe useme ya Wakristo, mabaya yote. Mimi niseme ya Waislamu, mabaya yote. Mimi nikisema yenu, wataniona adui. Wewe ukisema yenu mwenyewe, wewe ni shahidi."

Mwalimu alilipenda wazo lile kiasi kwamba alimshika mkono pale pale barabarani.

Kazi iliwachukua wiki tatu. Mwalimu alitoa vitabu vyake vya zamani kwenye sanduku, vingine vimeliwa na mchwa pembeni. Adan alikuwa na vyake, na kile ambacho hakuwa nacho alikitafuta kwa simu. Jumanne ya pili waliweka mambo bega kwa bega, na hapo ndipo walipoona kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekitazama hivyo.

Mwalimu alisimulia habari za Ulaya, vile watu waliosimama dhidi ya Papa wakidai uhuru wa kusoma Biblia kwa dhamiri zao, walipopata miji yao wenyewe hawakumpa mwingine uhuru huo. Zurich waliwatosa mtoni ndugu zao waliotaka kubatizwa wakiwa watu wazima. Geneva walimchoma daktari mmoja Mhispania akiwa hai, kwa sababu alimfikiria Mungu tofauti nao. Adan alisikiliza, kisha akasimulia Baghdad. Huko kulikuwa na khalifa aliyependa elimu, aliyezungukwa na watu waliosema dini ipimwe kwa akili. Watu hao, watu wa akili, ndio waliowapeleka wanazuoni mbele ya makadhi na kuwauliza, mmoja mmoja, wanaamini nini kuhusu Kurani. Aliyejibu kinyume alifungwa. Mmoja alichapwa viboko hadi akazirai.

"Kumbe wote," Mwalimu alisema polepole. "Aliyekuja kurekebisha ndiye aliyeshika kiboko."

"Na wale waliokaa kwa amani?"

Hao pia walikuwepo. Adan alijua habari za mfalme Mkristo wa Habasha aliyewapokea Waislamu wa kwanza walipokuwa wakimbizi, akakataa kuwarudisha kwa waliowatesa. Alijua pia habari za mwanachuoni Myahudi aliyekimbia watawala wa Kiislamu wa magharibi, waliokuwa wakiwalazimisha watu kusilimu, na mwishowe akapata kazi ya utabibu katika jumba la watawala wengine wa Kiislamu, kule Misri. Dini ileile ilimfukuza na kumkaribisha. Mwalimu naye alisema kwamba huko Ulaya kilichowafanya watu waache hakikuwa mapenzi. Walipigana miaka thelathini, vijiji vikabaki magofu, na mwishowe wakachoka kuzika.

Adan alitazama upande wa soko. "Basi sisi hapa bado hatujachoka," alisema.

Adan aliandika habari zake kwa mkono, kurasa tisa za daftari, kwa Kiswahili. Akampa Mwalimu amsahihishie lugha. Mwalimu alikwenda nazo nyumbani, akazipitia kwa kalamu nyekundu, kwa mazoea tu, akirekebisha herufi na kuvunja sentensi ndefu. Mwisho wa ukurasa wa tisa Adan alikuwa ameandika kwamba anayasema haya si kwa kuichukia dini yake bali kwa kuipenda, na kwamba rafiki yake naye atasema ya kwao, ili watu waone kwamba hakuna nyumba isiyo na vumbi. Mwalimu aliandika pembeni: Vizuri sana. Adan akanakili upya kwa ajili ya mkutano, na zile za kwanza zikabaki kwa Mwalimu.

Siku ya mkutano uwanja wa chifu ulijaa. Upande mmoja walikaa Wakamba, upande mwingine Wasomali, na katikati palibaki njia pana ya kupita gari. Mbele kabisa, upande wa Wakamba, alikaa Kaluki, mjane wa mkulima aliyeuawa, amejifunga leso nyeusi. Mbele kabisa upande wa pili alikaa Mzee Muktar, babake kijana wa ngamia, bakora imelala magotini. Chifu alimwita Mwalimu aanze kwa sababu ndiye mkubwa kwa umri.

Mwalimu alisema yote. Alisema mto na moto, alisema Wayahudi waliofukuzwa Uhispania, alisema watu waliokuja Afrika na Biblia mkono mmoja na mnyororo mkono wa pili. Alisema vizuri, kama alivyokuwa akisema darasani miaka ile. Alipofika kwa yule daktari wa Geneva, akisimulia vile kuni mbichi zilivyochelewa kushika moto, Kaluki aliinuka. Alijifunga leso sawasawa, akapita katikati ya ile njia mbele ya watu wote, akaenda zake. Mwalimu alimwona. Ulimi wake ulisita kidogo, kisha ukaendelea, kwa maana alikuwa ameahidi.

Alipomaliza, upande wa Wakamba ulikuwa kimya. Upande wa pili walipiga makofi. Walipiga kwa nguvu na kwa muda mrefu, wengine wakicheka na kugongana mabega, na makofi yale yalimwingia Mwalimu kama maji baridi shingoni. Akakaa. Alijiambia ngoja Adan asimame.

Adan akasimama. Alishika nakala ya kurasa zake, akazitazama, kisha akainua macho. Mzee Muktar alikuwa akimtazama, bila hasira na bila kitu chochote usoni, kama mtu anayesubiri kuambiwa mwanawe alikufa kwa nini. Adan alizikunja zile karatasi. Akaanza kusema habari za mfalme wa Habasha. Akasema vile Khalifa Umar alivyoingia Yerusalemu kwa unyenyekevu na kuyaacha makanisa yasimame. Akasema Andalusi, nchi ambamo Mwislamu, Mkristo na Myahudi walisoma vitabu pamoja. Yote yalikuwa kweli. Alisema dakika kumi na mbili, na neno moja la Baghdad halikutoka. Aliposhuka alipigiwa makofi na watu walewale.

Mwalimu aliondoka kabla ya maombi ya kufunga.

Adan alifika kwake kesho yake asubuhi. Hakutaka kukaa. Alisimama karibu na tangi la maji, akivunjavunja kijiti.

"Nilimwona Mzee Muktar," alisema. "Mdomo ukakauka, Mwalimu. Singeweza kumwambia mzee amezika mtoto juzi, eti na sisi ni wabaya."

"Kaluki naye alikuwa mbele yangu."

"Najua."

"Nilimwona akitoka. Nikaendelea. Nilikuwa nimekuahidi."

Adan alitupa kile kijiti. Alisema anaomba msamaha, mara mbili. Baadaye, akiwaza, Mwalimu alijiuliza kama yeye ndiye angekuwa wa pili kusimama angefanya nini, na hakulipenda jibu. Siku hiyo lakini alikuwa na hasira tu. Alienda mbele ya wazee wa kanisa waliomwita kujieleza, na katika kujitetea akawaambia kwamba walikuwa na mapatano, kwamba Adan alikuwa ameandika ya kwao kurasa tisa kwa mkono wake, na kwamba yeye Mbaluka anazo nyumbani. Wazee walitazamana. Hawakusema kitu kuhusu hizo kurasa. Walisema tu kwamba kiti chake kitabaki wazi kwa muda, mpaka Bwana aseme.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Watu walimsalimia na kupita haraka. Mkewe Kavindu, aliyekuwa ameongoza akina mama wa kanisa miaka kumi na moja, alikwenda kwenye mkutano wao Alhamisi akakuta umehamishiwa nyumba nyingine na hakuna aliyemwambia. Alirudi na leso yake akaikunja akaiweka kabatini. Hakulalamika.

Mwezi wa tatu mamake Kavindu alifariki kule Ikutha. Msiba wa mzazi, kwa watu wa huku, ndipo mtu anapoona ana watu wangapi. Kanisa la Tseikuru lilikuwa likikodi basi kwa msiba wa mtu yeyote, hata wa jirani ya mshirika. Kavindu alipiga simu kwa mhazini, akaambiwa basi ni bovu. Akapiga kwa rafiki zake, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na safari. Walikwenda Ikutha wakiwa watatu, yeye, mumewe na mwana wao Nyamai aliyetoka Nairobi. Pale nyumbani wajomba wa Nyamai walikuwa wamepika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, sufuria nne kubwa kwa ajili ya wageni wa kanisa. Hawakuja. Baada ya kaburi kufunikwa Kavindu alisimama jikoni akizitazama zile sufuria, chakula kimeganda juu, na ndugu zake wakimtazama yeye.

Walipofika nyumbani ndipo alipozungumza.

"Baba Nyamai," alisema, "hao watu wa Ulaya uliowasema, walikuwa ndugu zako?"

"La."

"Huyo aliyechomwa, ulimjua?"

"Alikufa miaka karibu mia tano iliyopita."

"Mamangu amekufa juzi," Kavindu alisema, akaingia ndani.

Pasta Kitheka aliwatembelea wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi. Hakuwa mtu wa makelele nje ya mimbari. Aliongea pole pole, akamwomba Kavindu msamaha kwa ajili ya basi, akasema yeye mwenyewe aliumia sana. Akanywa chai. Akasifu nyanya za bustanini. Ndipo akasema kwamba wazee wamemkumbuka mzee Mbaluka, kwamba kanisa haliwezi kumpoteza mtu wa elimu kama yeye, na kwamba kiti chake kinamsubiri. Kuna jambo dogo tu. Washirika wengi walibaki na jeraha, kwa sababu walisikia mabaya ya upande mmoja. Si ni haki wasikie na ya upande wa pili?

"Hizo kurasa," pasta alisema. "Si aliziandika mwenyewe? Si alitaka zisomwe?"

Mwalimu alisema kwamba zilikuwa za kusomwa na Adan mwenyewe.

"Na hakuzisoma."

Kavindu alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Hakumsihi hata kwa macho. Alitazama sakafu tu, kama mtu aliyezoea kupoteza. Mwalimu alimtazama. Kisha akaenda chumbani, akatoa kurasa tisa kutoka ndani ya kamusi, akazileta. Pasta alizipokea kwa mikono miwili. Alizifungua akasoma kidogo, akafurahi kwamba zimeandikwa vizuri, hata makosa yamesahihishwa.

Jumapili zilisomwa. Pasta alizisoma ukurasa kwa ukurasa, akitaja kwamba huu ni mwandiko wa mwalimu wao wenyewe wa Kurani. Alisoma viboko vya Baghdad, akasoma waliolazimishwa kusilimu. Sehemu ya mwisho, pale Adan aliposema anaipenda dini yake na kwamba hakuna nyumba isiyo na vumbi, hakuisoma. Mwalimu alikuwa amekaa safu ya mbele, kitini pake. Alijua ukurasa wa tisa unakoishia. Alisubiri mpaka pasta akakunja karatasi, na hakusimama. Nyuma yake watu walipiga makofi, na Kavindu, upande wa akina mama, alikuwa ameketi katikati yao, mmoja amemshika bega.

Kufikia jioni picha za kurasa zile zilikuwa kwenye kila simu ya Tseikuru, wino mwekundu na yote.

Hakuna aliyemgusa Adan. Wazazi walianza tu kuwatoa watoto wao katika darasa lake, mmoja mmoja. Wafugaji walianza kununua dawa mjini Mwingi, safari ya saa kadhaa. Mzee Muktar alimwendea dukani, akaweka simu kwenye kaunta, akamuuliza kama haya ni yeye aliyeyaandika. Adan akasema ndiyo. Mzee akachukua simu yake akaondoka. Mwezi wa tano lori lilisimama mbele ya duka, likapakia rafu na makatoni, na jamaa ile ikajiandaa kurudi Garissa.

Asubuhi ya safari Shamis, mkewe Adan, alipita kwa Kavindu kumuaga, kwa maana walikuwa wamelea watoto pamoja. Walishikana mikono bila maneno mengi. Mwalimu alitoka ndani akamsalimia. Shamis aliitikia, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Adan amesema nikuambie kitu. Wazee wetu walimuuliza, nani alikuandikisha haya, nani alikusahihishia. Hakukutaja."

Akaaga, akaenda.

Mwalimu alirudi ndani. Alitaka kuandika barua, akaandika jina la Adan juu ya karatasi, na chini yake hakupata la kuweka. Aliandika tena siku iliyofuata, na wiki iliyofuata. Alipojaribu kupiga simu ilikuwa haipatikani.

Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imekosa pia, na ngamia wakaingia tena mashambani. Mwezi wa sita waliuawa watatu. Chifu Katunge hakuitisha mkutano. Alipokutana na Mwalimu sokoni alimwamkia kwa adabu ya mwanafunzi, akakaza mwendo.

Sifa za zile kurasa zilivuka mto zikafika Makueni. Kanisa moja la Matiliku, mji wake wa kuzaliwa, liliandaa semina ya siku mbili, likamwalika Mwalimu Mbaluka aje aeleze, kama mtu aliyeishi nao, Uislamu ni nini hasa. Pasta Kitheka alimpeleka kwa gari lake. Ukumbi ulikuwa umejaa, na miongoni mwa watu kulikuwa na wazee aliosoma nao shule ya msingi. Alisema saa nzima. Hakusema uongo hata mmoja. Kila jambo lilitokea, kila tarehe ilikuwa sawa.

Wakati wa maswali akasimama msichana aitwaye Kathini, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, daftari mkononi. Aliuliza kwa heshima, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Mwalimu, na sisi Wakristo? Kwa historia yetu hatukufanya mambo kama hayo?"

Pasta Kitheka, pale mezani, alifunika kalamu yake. Mwalimu alimtazama yule msichana. Alikuwa na uso wa wanafunzi wake wote bora, wale waliokuwa wakibaki darasani kengele ikilia. Jibu lilikuwa kinywani, lote, tangu mto wa Zurich hadi moto wa Geneva.

"Hiyo ni historia ndefu," akasema. "Leo muda hautatosha."

Kathini akakaa. Akaandika kitu daftarini, pengine ni jibu lenyewe, neno kwa neno, maana alikuwa mwanafunzi mwangalifu. Watu wakapiga makofi, chakula kikaletwa, na mwenyekiti wa semina akamjia Mwalimu akitabasamu, akimuuliza kama mwezi ujao angeweza kufika mji wa Wote, ambako wanamhitaji hata zaidi. Mwalimu alitoa shajara yake ndogo mfukoni, akatafuta tarehe, akakubali.